Kabla tiyo haijapita shambani

Hotuba ya vijana wa harakati ya kiraia, iliyosomwa Bunia mbele ya wenye mashamba, wakubwa wa mitaa na vijana wa mji

Ninyi wamotari muliozima piki zenu hapo inje. Ninyi wakadafi mulioachia ndugu mdogo bidoni zenu kandokando ya barabara ili mutusikilize nusu saa.

Tulipopita mitaani kuwaalika, swali lilikuwa moja kila pahali: "Pipeline gani tena? Bunia haiko na pipeline. Hata maji ya robine inatushinda." Watu wakacheka, na sisi tukacheka nao. Ni kweli: chini ya mashamba ya Ituri hakuna hata tiyo moja ya petroli. Lakini mama mmoja mwenye shamba ya mihogo hakucheka. Alituuliza: "Siku wataipitisha kwangu, jembe yangu itaishia wapi?"

Tulikuwa watano, wote na diploma za universite. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulimwambia, "Mama, tutarudi." Hotuba hii ndiyo kurudi kwetu.

Petroli haiko mbali

Vuka Ziwa Albert tu. Upande wa Uganda walithibitisha tangu 2006 kwamba petroli iko ya kutosha kuchimbwa. Leo kuna visima vya Tilenga na vya Kingfisher, na Kingfisher iko palepale kwenye ukingo wa ziwa ambalo wavuvi wetu wa Tchomia na Kasenyi wanavua samaki. Ili petroli ile ifike bahari, walipanga tiyo ya kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga, Tanzania. Petroli yenyewe iko na nta ndani, ikipoa inaganda. Kwa hiyo tiyo lazima ipashwe joto la karibu digri 50 njia yote.

Na upande wetu? Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gesi, na bonde la Albert lilikuwa ndani. Oktoba 2024 mnada wa bloki 27 za petroli ulifutwa. Lakini kufuta mnada si kufuta petroli. Iko bado chini, na wenye kuitaka wako bado. Ituri haina bahari. Siku petroli ya Ituri itachimbwa, itatoka kwa tiyo, na tiyo haipiti hewani. Inapita katika ardhi ya mtu.

Kama petroli ichimbwe ao ibaki ardhini, munajua mabishano yetu, na yataendelea. Leo hatukuja kwa hayo. Leo tunauliza swali la yule mama: ikifika, nani atakuwa anajua nini? Na tunaanza na pahali ambapo watu wetu tayari walikufa kwa kukosa jibu.

Sange

Tarehe 2 Julai 2010, Sange, kule Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya Uvira. Lori ya mafuta ilipinduka katikati ya nyumba. Mafuta yakaanza kumwagika. Watu wakakuja, wengine na bidoni, wengine na masufuria, watoto wakifuata wakubwa. Ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia. Wengine walikuwa wamejaa kwenye nyumba za sinema wakitazama mpira, hawakujua hata kama lori imepinduka. Halafu moto. Walikufa watu zaidi ya 230.

Munaweza kusema, "Ile ni lori, si tiyo." Basi tuende Nairobi. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Sinai, nyumba za mabati zilizojengwa karibu na tiyo ya mafuta. Mafuta yalitoroka, yakaingia katika mfereji wa maji ya mvua, yakateremka mpaka kati ya nyumba. Watu wakakuja na ndoo. Halafu moto. Karibu watu 100 walikufa. Na tarehe 10 Agosti 2019, Morogoro, Tanzania: tena lori, tena bidoni, tena watu karibu 100 na zaidi.

Lori ao tiyo, mwisho ulikuwa mmoja. Na kila mara, kesho yake, tunasikia wakubwa wakisema kwenye redio: "Ni ujinga wa raia." Tunakataa neno hilo. Wakadafi muko hapa: kuna mtu Bunia asiyejua kama esansi inawaka? Hata mtoto wa miaka mitano anajua. Mama anayekimbia na bidoni hakosi akili. Anahesabu: lita 20 ni chakula cha siku ngapi, ni minerval ya mtoto gani. Njaa inamsukuma, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye chini, mbele ya siku ile, kumuonyesha kile ambacho macho hayaoni.

Kile ambacho macho hayaoni

Kinachowaka kwanza ni mvuke wa esansi, kabla ya esansi yenyewe. Esansi ikimwagika inatoa mvuke palepale, hata asubuhi ya baridi. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unalala chini, unatambaa, unateremka katika mifereji, unajaza mashimo, unaingia chini ya mlango. Unaweza kusimama mbali na mafuta, nguo yako kavu, kumbe miguu yako iko tayari ndani ya mvuke. Na mahali fulani kuna mama amewasha mbabula, ao motari anapiga kiki. Cheche moja inatosha, na moto unarudi kwa njia ileile mvuke ulikopita, mpaka kwenye mafuta.

Ndiyo maana katika ajali hizi hata mtu asiyegusa bidoni anaweza kuungua.

Mazuti yanachelewa kushika moto kuliko esansi, lakini yakipata joto yanawaka. Petroli ghafi, ile inayotoka kisimani, iko na ubaya wake mwingine: inaingia katika mto na katika kisima cha kijiji, na shamba inayoishiba inakaa miaka bila kuzaa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye shamba linapaswa kuwa: "Ndani ya tiyo munapitisha nini?" Jibu la "mafuta tu" lisiwatoshe.

Tiyo ikiwa na shida, mara nyingi inaonyesha dalili mbele ya moto. Harufu ya mafuta pahali ambapo hakuna lori. Sauti kama nyoka anayepuliza. Majani yanakauka katika kipande kimoja cha shamba wakati pembeni mvua imeleta kijani. Maji ya kijito yanabeba rangi za upinde wa mvua juu. Udongo unalowana wakati wa jua, ao unatoa mapovu. Nani ataona dalili hizo kwanza? Mhandisi aliye mbele ya kompyuta anaona tu kama presha imeshuka. Mtoboko mdogo, anaweza asiuone kabisa. Wa kwanza kuuona ni yule anayelima pale kila siku. Mwenye shamba ni mlinzi wa kwanza wa tiyo, na mlinzi asiyeambiwa anachokilinda hawezi kukilinda.

Ukiona ao ukisikia harufu, fanya hivi, na hivi vinafaa pia kwa malori yanayotoka Uganda kupitia Mahagi na kupita mbele ya nyumba zetu kila siku:

Ondoka kwa miguu. Piki yako iache, usiiwashe.

Angalia upepo unatoka wapi, uende upande unaotoka. Panda juu, usiteremke bondeni.

Usiwashe wala usizime kitu: taa, jenereta, sigara, simu. Simu piga ukiwa umefika mbali.

Zuia wengine. Simamisha wamotari na magari mbali, upande zote mbili.

Usijaribu kufunga valvu ao kuziba tundu. Hiyo ni kazi ya wenye tiyo.

Na bidoni iache nyumbani. Tunajua tunasema nini, na tunajua tunamwambia nani. Iache.

Jembe itaishia wapi

Sasa mama, tunakuja kwako.

Kule Uganda na Tanzania walipanga kuizika tiyo karibu metre 2 chini ya udongo, katika njia yenye upana wa metre 30. Jembe yako ya mihogo haifiki metre 2. Kwa jembe peke yake, usiogope. Lakini shimo la choo linafika. Kisima kinafika. Msingi wa nyumba ya ghorofa unaweza kufika. Udongo tunaochimba kwa kuchoma matofali, kidogo kidogo kila mwaka, unafika. Mvua inayokula mlima nayo inafika: tiyo uliyozikiwa chini leo, erozyoni inaweza kuifunua nyuma ya miaka kumi.

Na kuna jambo ambalo halimo katika vikaratasi vya kampuni, kwa sababu wanaviandika mbali: hapa ni Ituri. Hapa watu wanachimba zahabu. Kijana akisikia jiwe limeng'aa pahali fulani, usiku uleule kuna mashimo, na mashimo hayaulizi ramani. Mtu yeyote atakayeleta tiyo Ituri bila kukaa kwanza na wachimbaji, kareri kwa kareri, anatengeneza Sange nyingine.

Kwa hiyo katika njia ya tiyo: kujenga, hapana; miti ya mizizi mirefu, hapana; kuchimba bila kuuliza, hapana; kuchoma majani, hapana. Lakini muangalie vizuri: kila "hapana" hapo inaondoa kitu mkononi mwa mwenye shamba. Mkahawa wako, mwembe wa babu, pahali ulipotaka kujengea mtoto wako. Usalama wa tiyo unalipwa na shamba yako. Basi mwenye shamba alipwe, na alipwe mbele.

Hiyo si zawadi tunayoomba. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu ao ya jamii iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Musikie neno hilo: desturi. Watakuja kuwaambia, "Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya serikali, nawe hauna karatasi." Ni kweli sheria inasema ardhi ni ya serikali. Lakini Katiba inasema pia kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa faida ya wote, na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Kifungu cha 53 kinatupa haki ya mazingira safi. Na sheria ya mazingira ya 2011 inadai uchunguzi wa madhara mbele ya mradi mkubwa kuanza, pamoja na kusikiliza raia. Karatasi hizo tumezileta, ziko kwenye meza ya nyuma. Muzichukue.

Tujifunze pia kwa majirani. Ngambo ya ziwa, wenye mashamba kwenye njia ya tiyo waliandikwa, wakapewa tarehe: kuanzia leo musijenge, musipande mazao ya kudumu. Halafu malipo yakachelewa, kwa wengine miaka. Mtu anaishi katikati: shamba haiko yake kabisa, na makuta hayajafika. Tumesoma pia kwamba watu walitia sahihi karatasi za Kiingereza ambazo hawakuweza kuzisoma. Sisi, lugha ya karatasi itakuwa Kifaransa. Ni wangapi hapa, katika wenye mashamba, watakaosoma kurasa 40 za Kifaransa cha wanasheria?

Na tuseme lile ambalo wengi hawapendi kusema mbele ya watu. Maelfu ya wenye mashamba wa Ituri leo wako chini ya mahema ya wakimbizi wa ndani. Shamba ziko kule, wenyewe wako huku. Mpimaji akifika na vyombo vyake, atakuta nani? Atamuandika nani? Yule aliyepo leo, ao yule aliyefukuzwa? Ardhi yetu imekwisha kunywa damu kwa sababu ya maswali madogo kuliko hilo. Tiyo ikipita pahali ambapo watu hawajakubaliana shamba ni ya nani, hatari ya kwanza itakuwa panga, mbele hata ya moto.

Neno kwetu sisi wenyewe

Tumewasema serikali na kampuni. Sasa tujiseme.

Wengi wetu tulimaliza universite miaka miwili, mitatu iliyopita. Tunaamka asubuhi, tunatembeza dosye, tunarudi. Siku kampuni itafika, wa kwanza kuitwa ni sisi. Tunajua wilaya, tunaongea Kiswahili, Kilendu, Kihema, Kialur, tunaongea na Kifaransa. Watatupa jile ya rangi, kofia, simu ya kazi, mshahara wa kwanza wa maisha yetu. Kazi itaitwa "kuhamasisha jamii". Na katika mkutano mmoja, mama atasimama kuuliza jembe yake itaishia wapi, na mkubwa wetu atatuangalia ili tumjibu, "Mama, hakuna shida, tia sahihi hapa."

Tutafanya nini siku hiyo? Hatuwezi kuwaambia vijana wakatae kazi. Nani kati yetu ana nguvu ya kusema hivyo, wakati nyumbani wanatungojea? Wengine kati yetu wataikubali, na tunawaelewa. Lakini tunaombana jambo moja, hapa, mbele ya wazazi wetu: kijana wa Ituri atakayevaa jile ile asimwambie mzazi wake "hakuna shida" kama hajajibu swali. Aseme "sijui, nitauliza." Kama wanamkataza kuuliza, arudi atuambie. Kugawa vikaratasi na kupiga picha si kuelimisha. Kuelimisha ni kuketi mpaka yule aliyeuliza aseme mwenyewe, "Sasa nimeelewa."

Tunachodai

Kwa serikali ya taifa, kwa uongozi wa jimbo, na kwa kampuni yoyote itakayogusa petroli ya Ituri:

1. Njia ya tiyo itangazwe, kijiji kwa kijiji, mbele ya mpimaji kukanyaga shamba. Ramani ibandikwe pahali pa wazi, isikae katika meza ya mkubwa tu.

2. Kila karatasi ya kutia sahihi isomwe kwa lugha ya mwenye shamba, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, naye abaki na kopi.

3. Wakimbizi wa ndani waandikwe na wasikilizwe palepale walipo. Shamba isiyo na mtu leo isihesabiwe kuwa haina mwenyewe.

4. Malipo yatangulie. Tarehe ya kuzuia kupanda isiwekwe kama makuta hayako tayari.

5. Alama za tiyo ziwekwe kwa Kiswahili, na namba ya simu moja, ya bure, inayopokelewa usiku na mchana. Ijaribiwe kila mwezi mbele ya raia.

6. Mazoezi ya hatari yafanywe mashuleni, sokoni, kwa wamotari, kwa wachimbaji na kwa wakadafi, mbele ya tone la kwanza kupita na kila mwaka nyuma yake.

7. Na kwa leo, bila kungoja tiyo: lori ya mafuta ikipinduka, polisi wafunge barabara mbali na kuondoa watu. Tusione tena mwenye sare akijaza bidoni yake wa kwanza.

Na sisi tunaanza

Hatutangoja wajibu ndipo tufanye kazi. Kuanzia juma hili tutapita katika parkingi za wamotari na kwa wakadafi, wawili wawili, kufundisha mambo sita tuliyosema juu ya kuondoka, upepo, cheche, kuzuia wengine, valvu na bidoni. Hakuna makuta ndani, hakuna per diem, mutusamehe hata maji ya kunywa hatutakuwa nayo. Tutaandika kila swali katika daftari, pamoja na yale tusiyoweza kujibu, na maswali yale tutayapeleka kwa viongozi wa jimbo tukiwa wengi, kwa amani, mchana kweupe, kama kawaida yetu.

Swali la kwanza katika daftari ni la mama wa mihogo. Tumemjibu kwa nusu tu. Jembe yake haitafika kwenye tiyo. Lakini atalipwa nini, lini, na nani atapokea simu yake usiku harufu ikianza kutoka: hayo anapaswa kujibiwa na wale watakaoleta tiyo, mbele ya wao kuchimba hata shimo moja.

Sasa mikono juu, maswali yaanze. Wamama kwanza.